Marehemu Haitiki

Mimi hushona mapazia. Kibanda changu kiko ghorofa ya tatu katika jengo moja la Moi Avenue, kati ya kinyozi na mama anayekodisha magauni ya harusi, na kwa miaka kumi na moja nimeyavisha madirisha ya matajiri wa Kitisuru na Loresho. Ndiyo maana nasema ninawajua mumiani kuliko pasta yeyote anayewakemea kwa maikrofoni. Pasta huwajua kwa kusikia. Mimi nimepanda ngazi na kupima madirisha yao.

Wale wa damu wanajulikana na kila mtu. Huagiza kitambaa kizito, tabaka mbili, na pindo lishonewe vyuma vidogo ndani ili upepo usilipeperushe. Siku hizi hawana fujo. Wengi wana daktari wao na wanakunywa kwa mpango. Wale wa usingizi hawajali dirisha lao, wanajali la jirani. Atakuja kwako akitabasamu, akuombe umshonee jirani yake pazia jepesi kama zawadi, kumbe anataka kumwona akilala. Kuna mwalimu wa Loresho aliyekaa miaka miwili bila kufumba jicho kwa sababu ya zawadi kama hiyo, mpaka nilipokwenda kuling'oa mwenyewe. Wale wa kivuli nao hawataki pazia kabisa ila taa nyingi, na ukiingia kwao kupima dirisha unatoka ukiwa umechoka bila sababu. Mimi huwaita wote wezi. Mwizi ni mwizi, awe ameiba ng'ombe au kivuli.

Aina ya nne sikuijua, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimla mwanangu.

Mwanangu anaitwa Waceke. Alikuwa na miaka sita, na tangu Machi alikuwa amelala katika wodi ya watoto ya hospitali moja huko Parklands, mweupe midomoni kama mtu aliyekula chaki. Walikuwa wamemwongezea damu mara tatu. Ya kwanza nilitoa mimi, ya pili akatoa shemeji yangu Haron, ya tatu ikatoka kwa watu wa kanisa waliokuja kwa basi dogo wakiimba. Kila mara mashavu yake yalipata rangi jioni, na kufikia kesho yake alasiri rangi ilikuwa imekwisha.

"Mama Waceke, sitakudanganya," Daktari Omollo aliniambia asubuhi ile ya Jumatano. "Hatoki damu popote. Wengu iko sawa, ini iko sawa. Mambo ya mumiani pia tumeangalia, hana alama hata moja. Sijui inaenda wapi."

"Sasa mtafanya nini?"

"Leo saa kumi namwekea ya nne. Hiyo ikipotea, moyo wake hautaweza tena."

Alisema polepole, akiangalia viatu vyake. Nilitaka kumkaba. Sikumkaba kwa sababu alikuwa kijana mwema ambaye hakuwa amelala. Nilirudi kitandani nikaufunika mkono wa mwanangu, nikaangalia pazia nililokuwa nimelitundika dirishani mwa wodi kwa ruhusa ya manesi. Zito, tabaka mbili, vyuma ndani ya pindo. Nililishona kwa siku moja nikidhani nitawazuia wale wa damu wasimchungulie. Lakini kila saa ya kuona wagonjwa ilipofika, mama mkwe wangu alikuja akalifungua. "Mtoto anahitaji jua," alikuwa akisema, na mimi nilimwachia kwa heshima.

Saa nne asubuhi nilichukua makasi yangu makubwa nikaenda Kitisuru.

Mzee Mbithi alikuwa mteja wangu wa zamani kuliko wote, mumiani wa damu tangu enzi ambazo Westlands ilikuwa na ng'ombe. Askari wa getini ananijua, akanifungulia. Ndani kulikuwa na giza nililolishona mwenyewe. Mzee alikuwa ameketi sebuleni kwa joho la kulalia, miguu kwenye kigoda, anasikiliza habari redioni.

"Fundi wangu," akasema. "Leo si siku yako."

"Ni wewe unakula mtoto wangu?"

Nilikuwa nimeyainua yale makasi. Aliyatazama, kisha akanitazama mimi, na akazima redio.

"Weka hiyo kitu chini, Namalwa, utapasua kiti. Mtoto wa miaka sita ana damu kiasi gani? Mimi ni mzee lakini si mjinga. Kaa. Ana alama?"

"Hana."

"Analala?"

"Analala sana."

"Kivuli chake kiko?"

"Kiko. Nimeangalia kila kitu, Mzee. Naijua kazi yangu!" Hapo nikaanza kulia, na ninachukia kulia mbele ya wateja. "Wanamwekea damu, inapotea. Leo ni ya mwisho."

Kisha akauliza swali ambalo hakuna daktari aliyekuwa ameniuliza.

"Anaitwa nani, na jina alilitoa wapi?"

Nilimweleza. Mume wangu Maina ni Mkikuyu, na kwao binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, awe hai au amekufa. Mimi natoka Bungoma. Kwetu jina hutoka kwa waliokwisha kufa, na mtoto mwenyewe ndiye huchagua: akilia bila kunyamaza, unamtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na atakayemnyamazisha ndiye mwenye jina. Wanangu wangefuata desturi ya baba yao, hilo tulikubaliana. Lakini siku niliyojifungua, mama mkwe, Waceke mwenyewe, tunayemwita Cucu, yaani bibi, alikuwa mahututi kwenye mashine katika hospitali nyingine. Maina na ndugu yake walikuwa huko. Mimi nilikuwa peke yangu na mtoto aliyelia tangu alfajiri mpaka saa nane, hanyonyi, anageuka rangi. Senge Nakhumicha, dada ya baba yangu, alinipigia simu kutoka nyumbani akasema, "Si umwitie wazee!" Nikawaita. Nikamwita baba yangu Wesonga, nikawaita mabibi zangu wote, mtoto akazidi kulia. Ndipo ujumbe wa Haron ukaingia: Mami ametuacha.

Nilimpenda yule mama. Nililia nikasema, "Basi Waceke. Marehemu Waceke, mshike mtoto." Mtoto akanyamaza. Akanyonya.

Baada ya dakika ishirini Haron alipiga simu akipiga kelele za furaha. Walikuwa wametangulia kukata tamaa. Cucu alikuwa amefungua macho na kuomba chai.

"Tukafanya ibada ya shukrani," nikamwambia Mzee Mbithi. "Mbuzi wanne na hema. Kila mtu alisema ni muujiza."

Yeye hakutabasamu. "Na huyo mama yuko aje siku hizi?"

Cucu alikuwa na miaka sabini na tisa. Tulikuwa tumehamia kwake Januari, katika shamba la zamani la kina Maina ukingoni mwa Loresho, ili mtoto awe karibu na shule. Tangu hapo magoti yaliyokuwa yakimlilia ngazini yalikuwa yamenyamaza. Fimbo aliisahau nyuma ya mlango. Nywele za kisogoni zilianza kuota nyeusi, na sisi tulimtania kwamba anatafuta mchumba kanisani. Tena alikuwa amenifanya nitoe mapazia yote ya nyumba yake, ya kazi ya mkono wangu, kwa sababu alitaka jua liingie.

"Mtoto akiitwa," Mzee Mbithi akauliza, "nani anaitika kwanza?"

Nilikaa chini kwenye zulia.

Ulikuwa mchezo wao. Tangu tuhamie, mtu yeyote akiita "Waceke!" pale nyumbani, wote wawili hushindana kuitika, mmoja jikoni na mwingine uani, na anayechelewa anachekwa. Cucu alishinda kila mara. "Niko!" alikuwa akisema kwa sauti ya msichana, na mtoto hununa akisema, "Aaa, Cucu!" Tulicheka sana. Hata hospitalini aliucheza. Nesi akiliita jina kwa ajili ya dawa, yeye hudakia kwanza ili mgonjwa atabasamu. Na mimi mwenyewe hakuwahi kuniita Namalwa tangu nijifungue. Mimi kwake ni Mama Waceke, mara ishirini kwa siku, na mara zote ishirini alikuwa akinywa.

"Hao ni mumiani wa jina," Mzee Mbithi akasema. "Ni wachache, na wengi wao hawajijui. Ni watu wazuri, wanakaa viti vya mbele kanisani. Wewe uliliita jina kama la marehemu, na mwenyewe alikuwa bado anapumua. Sasa hilo jina linatafuta marehemu wake. Mkubwa akiitika, basi litamchukua mdogo."

"Nimbadilishie jina! Nimwite mwingine!"

"Jaribu. Alishachagua, hatachukua lingine." Alijifunga joho lake vizuri. "Kuna njia moja. Wewe uliyeita, ita tena vile vile, mara tatu, wote wawili wakiwepo. Mtoto aitike, mkubwa anyamaze. Marehemu haitiki. Lakini lazima anyamaze kwa hiari yake, Namalwa. Ukimziba mdomo haisaidii."

"Akinyamaza itakuwaje kwake?"

"Unajua itakuwaje. Anarudi kwenye ile saa nane aliyotakiwa kufa."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi fundi wa nguo nikashindwa kukiona. Nilishuka Kitisuru nikijitukana kwa Kibukusu, lugha ya kwetu, na kwa Kiswahili. Niliona chuki ikinipanda juu ya yule mama, kisha nikakumbuka kwamba ndiye aliyeniosha mgongo siku arobaini baada ya uzazi, akinipikia njahi, yale maharagwe meusi ya waliojifungua, mpaka nikazichukia. Hakuwa ameiba kitu. Mwizi, kama yuko, ni mimi.

Nilifika wodini saa sita kasoro. Nilijaribu kwanza njia rahisi, kama mtu yeyote angejaribu. Niliinama sikioni mwa mwanangu nikamwambia, kuanzia leo wewe ni Nasimiyu. Akageuza uso ukutani. Nikamwambia, basi Nekesa, wote wawili marehemu wa kwetu na watu wazuri. Alianza kulia kilio kile kile cha siku aliyozaliwa, bila machozi, na mashine iliyofungwa kidoleni mwake ikapiga kelele mpaka nesi akaja mbio. Niliacha.

Maina alikuwa koridoni, amebeba chupa ya uji ambayo mtoto hakuwa ameigusa kwa siku tatu. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama karibu na ngazi. Alinisikiliza hadi mwisho. Maina ni mtu mpole, ndiyo maana sauti yake ilinitisha.

"Unataka niue mamangu."

"Nataka mtoto wangu aishi."

"Mami si mumiani! Mami ni mama wa kanisa, Namalwa. Amezika nusu ya hiyo kijiji akiimba. Unaenda kwa mnyonya damu wa Kitisuru, anakuambia mamangu ndiye mnyonya damu, na unaamini?"

"Damu imewekwa mara tatu. Nani huja kila siku saa sita, na damu inaisha lini? Hesabu mwenyewe, Maina."

"Sitahesabu."

"Basi leo saa kumi wanaweka ya nne. Kesho saa sita atakuja, ataitika kabla yake, na sisi tutanunua jeneza dogo."

Alinipa mgongo. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Sikumshika. Nilikuwa na hofu nyingi sana hata sikubaki na huruma ya kumpa, na hilo limenikaa rohoni mpaka leo.

"Mama Waceke," sauti ikasema nyuma yangu.

Cucu alikuwa amesimama ngazini. Alikuwa amepanda ghorofa tatu kwa miguu akiwa na kikapu cha maparachichi, na hakuwa akihema. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Aliona nilivyoshtuka kwa kuitwa hivyo, akaweka kiganja mdomoni.

"Mami, usimsikize, amechoka," Maina akasema.

"Nimesikia." Alimpa mwanawe kikapu. "Maina, huyo mtoto jana aliniambia anataka uji wa wimbi, si huu wa mahindi. Enda huko kantini waambie wakupikie. Usitoke hapo mpaka ukolee."

Ulikuwa uongo. Mtoto hakuwa ameomba kitu. Maina alimtazama mama yake kama mtu anayetaka kukataa na hajui anakataa nini, kisha akatii, kwa sababu alikuwa amemtii kwa miaka arobaini na minne. Aliposhuka vipandio vitatu Cucu akamwita tena. Akamrekebisha kola ya shati. "Sasa enda," akasema.

Tuliingia wodini wawili. Alivuta kiti mpaka kitandani, akakaa, akanitazama.

"Kila nikitoka hapa nashuka hizo ngazi nikiimba," akasema. "Nikifika nyumbani nalima mpaka jioni. Nilikuwa namwambia Mungu asante. Nilidhani ni yeye."

"Cucu, nisamehe. Mimi ndiye niliita."

"Uliita ukilia?"

"Nililia sana."

"Basi uliita vizuri." Alipangusa mashavu yangu kwa pindo la leso yake kisha akapangusa yake. Aliogopa, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba wazee hawaogopi. "Ulinipa miaka sita, mwari. Nimeona mtoto wa mwanangu akienda shule. Sasa niite tena. Na usinong'one, nisije nikasema sikusikia."

Aliniomba kwanza nifungue pazia, nikafungua na kuketi ukingoni mwa kitanda, karibu naye. Jua la mchana likaingia mpaka kitandani. Mwanangu alikuwa amefumba macho, kifua kikipanda kidogo tu.

Nikaanza kama siku ile. Nikamwita baba yangu, nikawaita mabibi zangu mmoja mmoja, wote walioshindwa kumnyamazisha. Halafu nikasema, "Marehemu Waceke."

Cucu alifungua kinywa. Lilikuwa zoea la miezi yote ile, na pia, naamini, ulikuwa mwili wenyewe ukitaka kuishi. Niliona ulimi ukijongea. Alikishika kiti kwa mikono miwili akafumba mdomo, na shingo yake ikasimama mishipa. Mtoto hakusema kitu.

"Marehemu Waceke."

Macho ya mtoto yakafunguka. Akamtafuta Cucu, akamwona, akangoja. Alikuwa akingoja kushindwa kama kawaida. Cucu alimtikisia kichwa taratibu, akamtolea macho ya utani, yale ya kusema haya basi, jaribu. Nywele za kisogoni mwake zilikuwa zimekuwa nyeupe zote, na midomo aliyoiuma ilikuwa ikitoka damu.

Nilijua kwamba nikisema tena sitaweza kulirudisha, na kwamba nisiposema nitakuwa nimechagua pia. Cucu aliuachia mkono mmoja wa kiti akanifinya goti, kwa nguvu, kama mama anayemharakisha mtoto mbele ya wageni.

"Marehemu Waceke!"

"Niko," mwanangu akasema.

Sauti ilikuwa ndogo na kavu, lakini ilikuwa yake. Nilimwinamia nikaona rangi ikija, kwanza kwenye masikio, kisha midomoni, na akaniambia nina uzito, nimwondokee. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Sikugeuka kuangalia kiti. Mkono uliokuwa gotini kwangu ulikuwa bado pale, na nilikuwa nausikia ukipoa.

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kamili Maina alipoingia na chupa ya uji wa wimbi. Kwa desturi yao, binti aliyechukua jina la mama yako unamwita kama unavyomwita mama yako. Alisimama mlangoni, akaona mtoto ameketi, na kwa furaha akasahau yote niliyomwambia koridoni.

"Mami!" akaita.

Mwanangu alimtazama Cucu kwanza, aliyekuwa ameegemea kiti, kichwa kimeinama juani. Alingoja kidogo, kwa adabu ya mchezo. Kisha akaitika, na akapiga makofi yake membamba.

"Baba, umeona? Leo nimemshinda."

Maina aliweka chupa sakafuni.